Tundu la Sita

YAH: MALALAMIKO KUHUSU WAYA MWEUSI KUPITISHWA JUU YA KAMBA YA KUANIKIA NGUO, NYUMBA NAMBA 14, KITALU B, KALANGALALA.

Barua hiyo ilifika ofisini kwetu Jumatatu, tarehe 18 Agosti 1997, na nakala sita, mojawapo kwa Afisa Afya wa Wilaya, ambaye sijui alitakiwa afanye nini na kamba ya nguo. Mimi nilikuwa karani wa kata. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuigonga mhuri, kuitoboa matundu mawili na kuilaza kwenye faili. Barua nyingi zililala fofofo. Hii ya waya ndiyo peke yake iliyoamka.

Aliyeiandika alikuwa Mwalimu Kalisti, mpangaji wa chumba namba mbili, mwalimu mstaafu ambaye tangu aache chaki hakuacha kusahihisha watu. Alilalamika kwamba waya ule ulichafua shuka zake. Nilimjua vizuri, kwa sababu katika nyumba hiyohiyo, chumba namba nne, aliishi shangazi yangu Melania. Mengi ya hapa nimeyapata kwake. Mwisho wake niliuona mwenyewe.

Nyumba ilikuwa ya Bartholomeo, baba yake Limi, mtu aliyepata dhahabu Rwamgasa na kuamua kuonekana ameipata. Mbele alikuwa na sebule yake, nyuma ua mpana, na vyumba sita vya kupanga vikiuzunguka. Mwaka ule alinunua dishi kwa Firoz, mwenye duka la vyombo vya umeme barabarani. Dishi lilikuwa pana kuliko paa la choo. Likawekwa juu ya paa la choo.

Firoz alikuja kulifunga yeye mwenyewe, kalamu sikioni, viatu mkononi ili visichafuke kwa matope. Kwenye ukuta wa sebule alipigilia kidude cha shaba chenye matundu sita. Tundu moja kwa televisheni ya sebuleni, manne kwa wapangaji wenye televisheni: namba moja, mbili, tatu na nne. Chumba namba tano kilikuwa stoo ya mwenye nyumba.

"Na hili la sita?" Bartholomeo aliuliza.

"La chumba namba sita. Lakini yule bibi hana televisheni. Liache wazi, Baba Limi, halina madhara." Kisha Firoz akakuna kichwa, akatazama roli lake la waya. "Ajabu. Nilikuja na waya mita mia. Hapa nimetumia sitini tu, na roli limekwisha."

Wakacheka. Mafundi wote hupoteza waya.

Halafu akawakusanya wapangaji na kuwaeleza mfumo. Dishi moja, risiva moja, televisheni tano. Risiva ipo sebuleni na rimoti ipo sebuleni. Mwenye rimoti akiweka mpira, nyumba nzima inatazama mpira. Akiweka kwaya, nyumba nzima inaimba. Akifungua ile orodha ya stesheni, ile yenye mshale unaopanda na kushuka, orodha inatokea kwa wote, na kila anachokiandika humo wote wanakisoma.

"Yaani ni serikali," alisema Mwalimu Kalisti.

"Ni zaidi, Mwalimu. Serikali huoni inapoandika."

Stesheni zilikuwa tano, na Firoz alizipa majina, herufi moja baada ya nyingine, kila mtu akitazama chumbani kwake mshale ukihangaika kutafuta A. Stesheni ikishafunguliwa, risiva iliiwekea alama ya vema pembeni. Kazi ilichukua saa nzima. Shangazi alisema ndiyo saa pekee nyumba ile ilipokaa kwa amani.

Maana baada ya hapo ilikuwa vita. Jenereta iliwashwa saa kumi na moja jioni, na saa kumi na moja na dakika moja ua ulikuwa umeshachafuka. "Baba Limi, rudisha taarifa!" "Taarifa ya nini, acha ngumi!" Namba moja hakumsalimia namba tatu. Namba tatu alimwagia namba mbili maji ya kuoshea samaki. Wote kwa pamoja walimchukia mwenye rimoti, lakini mwenye rimoti ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo chuki ikatafuta mahali pa chini pa kutua.

Ikatua chumba namba sita.

Aliyeishi humo ni bibi Vumilia. Mumewe alikuwa mchimbaji, na mwanawe wa pekee, Enock, alikuwa mchimbaji katika duara, yaani shimo la dhahabu, la Bartholomeo kule Rwamgasa. Machi ya mwaka uliotangulia duara lile lilifungwa, na Enock hakurudi nyumbani. Bartholomeo alimwambia mama yake kwamba kijana amehamia machimbo ya Kakola na wenzake watatu. Kisha, kwa huruma, akampa bibi chumba bure. Kila Jumapili bibi alisimama kwenye mlango wa sebule na kumwamkia mwenye nyumba kwa Kisukuma.

"Mwadila, bhabha. Enock ametuma salamu?"

"Bado, mayu, mama yangu. Kakola ni mbali."

Kakola si mbali. Lakini mwenye chumba cha bure hapimi barabara. Ndugu walimwambia aweke matanga, yaishe, akakataa. Kwao, alisema, hayawekwi matanga ya mtu ambaye hakuna aliyemwona akifa. Unaweza kumzika mtu ambaye bado anatembea. Hivyo hakulia wala hakunyamaza, alingoja tu. Alipikia kuni mbichi, na macho yake yalikuwa mekundu.

Siku zile, na nchi ile, macho mekundu ya mwanamke mzee yalikuwa hati ya mashtaka ya uchawi. Ilikosekana sahihi tu.

*

Jumatatu ya tarehe mosi Septemba, saa kumi na moja na robo, taarifa ya habari ilikatika na orodha ikatokea.

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Aliona mshale ukishuka polepole, ukapita stesheni ya kwanza, ya pili, ya tano, ukasimama kwenye nafasi tupu ya sita. Ukaanza kutafuta herufi. S. Ukangoja. H. Kila herufi ilikuja taratibu, kama inaandikwa na mtu asiyezoea kuandika. I. J. A.

SHIJA.

"Baba Limi!" namba tatu alipiga kelele. "Shija ni nani, na yuko stesheni gani?"

Kisha picha ya taarifa ikarudi.

Jumanne, saa ileile: MAHONA. Jumatano: LUFUNGA. Wapangaji walimtuhumu Bartholomeo kwa mzaha wa kitajiri. Bartholomeo alitoka sebuleni akiwa amelowa jasho kwapani, akawaonyesha rimoti.

"Sijaigusa. Naapa. Ilikuwa juu ya kabati."

Shangazi aliona kitu kimoja ambacho hakukisema kwa mtu siku ile. Mwenye nyumba hakuuliza hao ni akina nani.

Alhamisi kila mtu alikuwa mbele ya televisheni yake kabla ya saa. Walizigeuza zikatazama uani, ili watazame pamoja na waogope pamoja. Mshale ukashuka. E. Mwalimu Kalisti alikuwa akisoma kwa sauti, ualimu haumtoki mtu. N. O. C. Alipofika K hakusoma.

Wote wakageuka kutazama chumba namba sita.

Mlango ulikuwa wazi. Bibi alikuwa anapuliza moto. Hakujua kitu. Alikuwa peke yake katika nyumba ile asiyeona kinachoonwa na wote, na hilo ndilo lililommaliza.

"Kwa nini yeye tu hana televisheni?" alinong'ona namba moja.

"Hahitaji," alisema Mwalimu Kalisti. "Mwenye duka hanunui dukani kwake."

Wakakubaliana palepale. Bibi amemla mwanawe na wenzake watatu, amewafanya misukule, na sasa anawaita kwa majina kupitia waya wa watu. Hoja ilikuwa na kichwa, miguu na mkia. Nimesoma kumbukumbu za vikao vya kata zisizo na hata kimoja.

Ijumaa asubuhi nilipokea barua ya pili. YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUMWONDOA MPANGAJI ASIYE NA TELEVISHENI. Mtendaji wa Kata, mkuu wangu, aliisoma mara mbili, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Ofisi haina fungu la uchawi. Wamwone Afisa Utamaduni." Akanituma nipeleke jibu. Nilipouliza kama tusiwaarifu polisi, alisema barua haikutaja polisi kwenye nakala.

Nilipita kituoni hata hivyo. Gari lilikuwa halina mafuta.

*

Nilifika saa kumi na moja kasoro dakika tano. Jua lilikuwa bado kali. Ua ulijaa watu ambao hawakuwa wapangaji, vijana nisiowajua, na wawili walikuwa na mapanga yaliyofungwa magazeti. Kando ya kisima palikuwa na dumu la mafuta ya taa. Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Watu wa kelele huchoka.

Shangazi alinivuta mkono. "Theo, toka hapa," alinong'ona.

"Shikamoo, shangazi. Nimeleta barua."

"Marahaba. Barua haizuii panga."

Bibi Vumilia walikuwa wamemtoa nje na kumketisha kwenye kigoda katikati ya ua. Alikuwa na mwiko mkononi bado. Mwalimu Kalisti alisimama mbele yake, suruali imepigwa pasi.

"Leo utatazama, bibi," alisema. "Utatazama na sisi. Halafu utatuambia mwenyewe."

Jenereta ikanguruma. Televisheni nne milangoni zikawaka, na ya tano ilionekana dirishani mwa sebule, mapazia yakiwa wazi. Bartholomeo alikuwa ndani, amekaa, rimoti juu ya goti.

Orodha ilikuja yenyewe. Hapakuwa na taarifa, hapakuwa na muziki. Stesheni tano zenye vema. Majina manne yasiyo na vema.

Bibi akatazama kwa makini, shingo mbele. Hakuwahi kukaa mbele ya televisheni maishani mwake. Wala hakujua kusoma.

"Mayu Melania," aliita. "Wameandika nini hapo?"

Mtu alisema, "Anajifanya." Shangazi akasogea hata hivyo. Akachuchumaa, akamsomea sikioni. Majina manne, kwa mpangilio wake.

Bibi alihesabu majina kwa vidole.

"Soma tena. Kuanzia juu."

Akasomewa tena.

"Hivyo ndivyo wanavyoingia duarani," alisema bibi. "Shija mbele, yeye ana taa. Mahona. Lufunga na kamba. Mwanangu mwisho." Akanyoosha mwiko kwenye kioo cha namba nne. "Na hivyo vijialama vya mistari ya juu? Kwenye majina vipo?"

"Havipo."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja, mayu."

Waliokaa machimboni wanaujua utaratibu. Mdomoni mwa duara hukaa msimamizi na daftari. Kila anayeshuka anataja jina lake, linaandikwa. Anapopanda, msimamizi anamwita, "Umetoka?" Naye anajibu mwenyewe, kwa sauti yake, "Nimetoka." Hapo ndipo jina linawekewa vema. Hakuna anayemjibia mwenzake. Na duara halifungwi mpaka kila jina liwe na vema. Mke wa mchimbaji anayajua haya kama anavyojua chumvi.

Bibi Vumilia akasimama. Kijana mwenye panga alirudi hatua moja.

Akaita, si kwa kelele, bali kwa sauti ile ndefu ya kuelekeza chini.

"Shijaaa! Umetoka?"

Kwenye kioo cha namba nne ukatokea ule mstari wa sauti, ule unaoonekana mtu anapoongeza kwa rimoti. Ukajaa kidogo kidogo. Ukajaa namba tatu. Namba mbili. Moja. Sebuleni.

Televisheni zikavuma. Kama upepo kwenye chupa.

Kisha zote tano, kwa pamoja, kwa sauti ya mtu aliyelala kifudifudi:

"Bado."

Dumu lilianguka. Hakuna aliyeliokota.

"Mahonaaa! Umetoka?"

"Bado."

"Lufunga! Umetoka?"

"Bado, mayu."

Nilimtazama Mwalimu Kalisti. Midomo yake ilikuwa inatembea bila maneno. Mtu mmoja alikimbilia nyuma akazima jenereta. Ikakohoa, ikafa. Taa ya uani ikazimika. Feni ya sebuleni ikapunguza mwendo, ikasimama.

Televisheni hazikuzimika.

Bibi alikuwa ameshusha mwiko. Sasa aliongea polepole, kama anamwamsha mtoto.

"Enock. Ng'wana wane, mwanangu. Umetoka?"

Mstari wa sauti ulikuwa umejaa hadi mwisho. Tulisikia pumzi. Fupi. Ya mtu anayeibania. Ilitoka katika milango yote ya ua ule, na mimi naapa ilitoka pia ukutani, chini, usawa wa vifundo vya miguu yangu.

"Bado, mayu. Wametufunika."

Halafu mshale ukashuka. Nafasi ya kumi. Ukaanza kutafuta herufi.

B.

Mlango wa sebule ukafunguka. Bartholomeo alitoka na rimoti mkono mmoja, imefunguliwa mgongo. Mkono wa pili alishika betri zake mbili. Alituonyesha, kama mtu anayeonyesha risiti.

A.

"Si mimi," alisema. "Mnaona? Si mimi."

Akaruka, akaushika waya mweusi juu ya kamba ya nguo, akauvuta kwa uzito wake wote. Uling'oka na shuka za Mwalimu pamoja. Ncha zikaanguka matopeni mbele yetu.

R.

Alizitazama zile ncha. Alikaa chini palepale, kwenye mafuta ya taa yaliyomwagika, akaongea kwa sauti ndogo mno hata tukalazimika kusogea.

"Walikuwa ndani. Afisa wa madini alikuwa anakuja. Duara lilizidi kina cha kibali. Nikasema tufunike kidogo, aone limefungwa, akiondoka tufunue. Nusu saa. Alikubali chai. Akakaa. Mvua ikanyesha."

Akapumua.

"Nilirudi. Niliita. Walikuwa wanajibu. Hadi kesho yake walikuwa wanajibu. Lakini ningefunua ningesema nini?"

Mshale ulibaki kwenye R. Ulipepesa mara tatu. Kisha vioo vyote vikawa vyeusi, na ndani ya kile cha namba nne nilijiona mwenyewe, nimeshika barua ya Mtendaji.

Bibi Vumilia alirudi akaketi kwenye kigoda chake. Akavua kitambaa cha kichwani. Ndipo akalia, kilio kilichosubiri mwaka na nusu. Shangazi alilia naye. Yule kijana wa panga alikwenda kuchota maji, akaleta kikombe, akashindwa kumpa, akakiweka chini.

*

Duara lilifukuliwa kwa siku tatu. Wote wanne walikuwapo, kwa mpangilio uleule, wakielekea juu. Walizikwa Rwamgasa, na matanga yakakaa uani kwa Bartholomeo mwenyewe, kwa kuwa bibi alisema chumba chake ni kidogo. Mwalimu Kalisti alihamia Shinyanga bila kuandika barua, jambo lililotushangaza ofisini kuliko mengine yote. Bartholomeo alifungwa. Nasikia kila jioni anawaomba askari wasimfungie mlango. Kwa gereza, hilo ni ombi gumu.

Ripoti ya afisa wa madini niliisoma. Ina ukurasa mmoja na mihuri miwili. Inasema: "Duara limekutwa limefungwa kwa mujibu wa kanuni."

Kuna jambo ambalo halikuandikwa na yeyote. Waliofukua walimkuta Enock ameshika waya mweusi, umepita kiganjani mwake na kuzama ukutani mwa mwamba, mahali pasipo na ufa. Waliufuatilia kwa sururu, wakaishia kuukata. Nilikipeleka kipande kwa Firoz. Alikigeuza mara moja tu, akakiweka juu ya meza, akafuta mikono. Kwenye ncha palikuwa na kifundo cha shaba na utepe wa bluu, wa kukunja kwake mwenyewe.

"Huu ni wangu," alisema. "Roli la Agosti. Lakini hao walifunikwa lini?"

"Machi. Mwaka wa nyuma yake."

Tulikwenda pamoja kutazama kile kidude ukutani mwa sebule. Matundu matano yalikuwa na vumbi. La sita, ambalo halikuwahi kuwekewa kitu, lilikuwa limejaa udongo mwekundu, mbichi.

Faili nililifunga mwenyewe. Juu ya jalada nikaandika kama utaratibu unavyotaka: "Waya umeondolewa. Hakuna hatua zaidi." Mtendaji akatia sahihi. Lakini kwa kuwa sasa nimestaafu na hakuna wa kunisahihisha, naandika na lile lililopaswa kuandikwa.

Jumanne, tarehe 12 Machi 1996, Rwamgasa, watu wanne, Shija, Mahona, Lufunga na Enock, walifunikwa chini ya ardhi wakiwa hai na mtu aliyewasikia wakiitika majina yao, naye hakufunua.